Makaratasi ya Marian Anderson na meneja wake Hurok mtandaoni: mtu wa kwaya ayapitie au aachane nayo?

Wadau, leo sileti habari ya mgahawa wala lodge. Naleta kitu ambacho ukisikia jina lake tu unaweza kupiga miayo: nyaraka za zamani za mwimbaji mmoja wa Marekani, na ndani yake mambo ya meneja wake, zipo Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Philadelphia, wameziskani baadhi na kuziweka mtandaoni bure. Mimi ni katibu wa kwaya hapa Mbeya, kazi yangu ni kuandika barua, kutafuta Coaster, kubishana na watu wa maspika na kudai hela za watu, kwa hiyo nimezisoma kama katibu, sio kama msomi, na haya nayoandika myachukulie hivyohivyo.

Kwanza tujuane tunaongelea nani. Marian Anderson alikuwa kontralto, ile alto ya chini kabisa ambayo kwenye kwaya zetu huwa anayo mama mmoja tu na siku mama akienda msibani Tukuyu basi wimbo wote unalala. Kazaliwa Philadelphia 1897, kaanza kuimba kwaya ya kanisa la Union Baptist akiwa mtoto, baba akafariki binti bado mdogo, na waumini ndo waliochangishana mpaka akapata mwalimu wa sauti. Harambee kabisa, kama zetu. Kafariki 1993. Meneja wake ni Sol Hurok, Myahudi aliyezaliwa 1888 sehemu inaitwa Pogar, Urusi ya wafalme enzi hizo, akaingia Marekani 1906 kijana hana mbele wala nyuma, akapiga vibarua, akaanza kuwapangia matamasha vyama vya wafanyakazi kule New York, na pole pole akawa ndo promota mkubwa wa muziki wa klasiko na densi Marekani nzima. Anna Pavlova yule wa baleti alikuwa wake, Chaliapin yule wa besi wake, Rubinstein wa piano wake, na 1959 katikati ya vita baridi akawaleta Marekani kundi la baleti la Bolshoi kutoka Moscow, jambo ambalo mabalozi wenyewe wangelikalia vikao mwaka mzima.

Bango lake lilikuwa linaanza na maneno kwamba Hurok analeta, ndo lifuate jina la msanii. Hapo nilicheka peke yangu maana wote tunawajua wale mapromota wa hapa nyanda za juu ambao kwenye poster ya tamasha sura yao imejaa nusu karatasi, suti nyeupe, miwani, na kwaya iliyoalikwa mmebanwa huko chini kwenye kona mnaonekana kama stempu. Kumbe ugonjwa ni wa zamani na una asili yake! Tofauti ni kwamba Hurok mwimbaji akifika anakuta piano ipo.

Sasa ieleweke, hizi sio nyaraka za ofisi ya Hurok. Ni za Anderson mwenyewe, alizitoa kwa chuo enzi za uhai wake, kwa hiyo Hurok humo unamkuta kwa upande wa mtu aliyekuwa anafanyiwa kazi. Mimi naona hiyo ni faida. Hurok alishatoa kitabu chake cha kujisimulia mwaka 1946 na promota akijisimulia unajua mwenyewe inavyokuwa, kila aliyefanikiwa yeye ndo aliyemgundua, kila ukumbi uliojaa yeye ndo aliyeujaza. Ukitaka kumjua meneja kasome makaratasi yaliyobaki nyumbani kwa msanii.

Kuingia ni rahisi. Unatafuta jina la mwimbaji pamoja na la chuo, au kama unataka orodha kamili unatafuta Ms. Coll. 200, ndo namba ya mkusanyiko. Hulipi, hawakuombi ujisajili, hawakuulizi we ni nani na barua ya utambulisho iko wapi. Kuna daftari zake, kuna shajara, kuna barua, kuna mahojiano ya sauti, kuna rekodi alizokuwa anajirekodi, na kuna programu za matamasha, yaani zile karatasi anazopewa mtu mlangoni. Wengi wataenda kwenye picha na rekodi, ni haki yao. Mi nawaambia nendeni kwenye programu.

Chukua programu yoyote ya mwisho wa miaka ya 1930 au ya 1940. Juu jina la ukumbi na tarehe. Katikati nyimbo, zimepangwa kwa mafungu, na ukifungua nyingi unaanza kuona mpangilio wake: anaanza na vitu vizito vya zamani, Handel hivi, halafu fungu la Schubert, halafu wimbo mmoja mkubwa wa opera, mapumziko, halafu nyimbo nyepesi kidogo, na mwisho kabisa ndo zinakuja nyimbo za kiroho za Weusi wa Marekani, zile walizoimba mababu zao utumwani. Kila mahali mwisho ni hizo. Watu wanatoka ukumbini na hizo ndo zipo masikioni. Sasa linganisha na sisi, tunasimama na nyimbo zote za kasi mwanzoni watu wamesimama wanatunza, tukifika wa sita sauti zimekauka na mwenye kinanda katafuta sehemu ya kukaa.

Halafu teremka mpaka chini kabisa ya karatasi, kwenye maandishi madogo. Pale ndo Hurok yupo. Imeandikwa menejimenti ni Hurok Attractions, 30 Rockefeller Plaza, New York. Inafuata kampuni ya sahani zake za santuri, Victor. Inafuata piano iliyotumika ni Steinway. Na jina la mpiga piano limewekwa sehemu yake ya heshima, mwanzoni Kosti Vehanen wa Finland, baadaye Franz Rupp, Mjerumani aliyekimbilia Marekani. Mistari michache tu ila ukiikalia unaona biashara nzima: ukitaka kumwalika huyu mama andika hapa, ukitaka kusikiliza nyumbani nunua hii, na huyu anayepiga piano ana jina. Nimepitia poster zetu nilizonazo kwenye faili, yaani hata namba ya simu ya mtu wa kuwasiliana wakati mwingine hamna, na mpiga kinanda hatajwi kabisa kama vile kinanda kinajipiga chenyewe.

Jambo lingine ambalo makaratasi haya yanakufungua macho ni safari. Anderson alikuwa anaimba kwenye kumbi kubwa kuliko zote halafu usiku hoteli za miji mingi, hasa kusini, hazimpokei kwa sababu ya rangi. Kwa hiyo kazi ya ofisi ya Hurok haikuwa tiketi tu. Treni ipi, behewa lipi, anashukia wapi, nani anampokea, analala kwa nani, maana mara nyingi ilibidi alale nyumbani kwa familia za Weusi wa mji ule, na Hurok alikuwa na mtu wake kabisa, Isaac Jofe, anayesafiri naye kuhakikisha mambo. Watu wa kwaya hii tunaielewa kuliko wasomi wa Ulaya. Sisi tukienda Iringa au Njombe tunagawanywa kwa waumini, wawili hapa watatu kule, na ukifika saa tano usiku na baridi ile ya Julai ya Makambako halafu ukute aliyepewa orodha ya wenyeji kazima simu, ndo utajua kwamba kulala wapi ni sehemu ya muziki. Ila sisi tunalala kwa waumini kwa upendo na ugali wa moto, yeye alilala kwa watu kwa sababu mlango wa hoteli ulifungwa, hapo siwezi kufananisha.

Na kuna suala la viti. Kwenye kumbi za kusini Weusi walikuwa wanasukumwa nyuma au juu kule mwisho. Anderson akawa anadai wapewe viti sehemu zote, chini na juu, mbele mpaka nyuma, yaani ukumbi kama utagawanywa basi ugawanywe kwa urefu kama njia ya katikati inavyoenda, sio Mweusi nyuma Mzungu mbele. Baadaye, miaka ya 1950, akakataa kabisa kuimba kwenye ukumbi unaotenganisha watu. Jambo la namna hii likishaamuliwa lazima meneja aliandike kwa mwenye ukumbi kabla tiketi hazijauzwa, la sivyo ni maneno ya jukwaani tu.

Tukio lenyewe maarufu mnalijua au mmeliona video. Mwaka 1939 Chuo Kikuu cha Howard walitaka aimbe Washington tarehe 9 Aprili, Jumapili ya Pasaka, ukumbi wa kutosha ukawa ni Constitution Hall ambao mali yake ni ya chama cha akina mama wenye asili ya wapigania uhuru wa Marekani, DAR, na kwenye mikataba yao kulikuwa na kipengele kwamba wasanii ni Wazungu tu. Wakakataa. Wakaomba ukumbi wa shule, bodi ya shule nayo ikaleta zake. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akajitoa uanachama wa DAR, na mwisho waziri Harold Ickes akatoa kibali akaimbe nje, kwenye ngazi za jengo la kumbukumbu la Lincoln, bure, na wanakadiria walikuja watu 75,000, wengine mamilioni redioni. Nani alitoa wazo la pale nje? Kila mtu ana lake. Wapo wanaosema Walter White wa NAACP, kile chama cha kutetea haki za Weusi, ofisi ya Hurok nayo haikukaa kimya kujitaja, na mi kwa jinsi nilivyomsoma Hurok nampa White. Ila kelele za magazetini miezi ile yote, simu, barua, kuwakumbusha watu kila siku kwamba ukumbi ulinyimwa, hiyo ni kazi ya promota na alipiga kweli kweli.

Kitu ambacho hakisemwi sana ni kwamba aliingia Constitution Hall baadaye. 1943 aliimba pale kwenye tamasha la kuchangia misaada ya vita, na 1964 Hurok alipompangia ziara ya kuaga, alianzia palepale, Oktoba, na akamalizia Carnegie Hall, New York, siku ya Pasaka 1965. Jamani huo ni upangaji. Mtu anakunyima ukumbi, unakaa miaka 25, unakuja kufungulia ziara ya kuaga kwake na tiketi zinauzwa. Mi ningepeleka na tarumbeta za Rungwe wazimalizie mlangoni.

Nyingine nayoipenda ni ya Desemba 30, 1935, Town Hall pale New York. Hurok alikuwa ameshamsikia Paris akamchukua kutoka kwa meneja mwingine ambaye hakuwa anamhangaikia sana, na tamasha lile ndo la kumrudisha nyumbani baada ya kutamba Skandinavia na Austria. Melini kwenye safari ya kurudi akaanguka, mguu ukavunjika, ukawekwa plasta gumu. Walichofanya wakafunga pazia, wakamsimamisha pembeni ya piano akaegemea, gauni refu mpaka chini, ndo pazia likafunguliwa. Watu wanaona mwimbaji kasimama tu ametulia. Kwaya ingekuwa ya kwetu mshereheshaji angeshatangaza mara tatu kwamba mtumishi ni mgonjwa tumuombee na bahasha inapita.

Haya, mabaya yake sasa.

Sio kila kitu kimeskaniwa. Hili ndo kubwa na litawaudhi. Unakuta kwenye orodha jina la folda, miaka, namba ya boksi, roho inaruka, ukibonyeza hamna picha, ina maana ukitaka kuiona ufunge safari mpaka Philadelphia ukakae chumba cha kusomea. Mambo ya biashara na ofisi ya meneja ndo unakutana nayo hivyo mara kwa mara, wakati ndo nilichokifuata mie. Barua moja inayosema malipo ya awali yaje lini ingenifaa kuliko picha kumi za gauni.

Simu ni mateso. Picha ni kubwa, nzito, kwenye mtandao wa huku milimani mvua ikinyesha unaangalia kiduara kinazunguka mpaka chai inapoa, na maandishi ya mkono ukiyakuza unapotea hujui upo juu au chini ya ukurasa. Nendeni na kompyuta. Mi nilihamia kwa kijana mwenye steshenari karibu na Kabwe, intaneti yake ina kasi na ana printa, akanitolea programu chache nikabandika kwenye faili la kwaya, na memba walizishangaa kuliko nilivyotegemea, hasa mwalimu wetu aliyekaa anahesabu mafungu ya nyimbo.

Lugha yote Kiingereza, na maandishi ya mkono ya zamani yale yenye mikia. Maelezo ya kuunganisha mambo ni machache, kwa hiyo kama humjui Hurok ni nani, nyaraka hazitakukalisha chini kukuambia. Kwa mfano hutaambiwa kirahisi kwamba ofisi yake ilikuja kushambuliwa kwa bomu Januari 1972 na watu waliokasirika kwamba analeta wasanii wa Urusi ya Kisovieti, dada mmoja mfanyakazi wa miaka 27 akafa kwa moshi, na Hurok mwenyewe akaokolewa na wazima moto. Yeye Myahudi, waliofanya walijiita watetezi wa Wayahudi. Alikuja kufa 1974, akiwa njiani kwenda benki kwenye mkutano, bado anapanga kuleta watu, na ana miaka 85.

Nota za muziki pia zipo kwenye mkusanyiko wa pembeni, kuna za mkono za Florence Price, mama mtunzi Mweusi ambaye kazi yake Anderson aliiimba pale kwenye ngazi za Lincoln. Ila ni nota za mistari, sio solfa, kwa hiyo walimu wengi wa huku mtaziangalia tu kama mtu anavyoangalia mtihani wa wenzake. Mwenye kinanda anaweza kufaidi.

Nani aende basi? Kama we ni mwimbaji unataka kusikia sauti, kuna rekodi zake nyingi sehemu zingine na ni rahisi zaidi, usijitese. Kama ni mwanafunzi wa historia utaokota mengi, tena bure. Lakini kama we ni katibu, mwenyekiti, mlezi wa kwaya, au ndo unaanza anza u-promota, lazima. Nasema hivi kwa sababu mwaka fulani tulialikwa mji wa jirani na promota ambaye simtaji, makubaliano yote kwa simu, karatasi hamna, tukafika na Coaster imejaa, maspika hayapo, jukwaa ndo linagongwa misumari, na mwisho wa siku tukapewa nusu ya hela na maneno matamu. Ningekuwa nimeshaona hizi programu ningemuuliza kabla ya kupanda gari: kinanda gani, nani anatupokea, tunalala wapi, na imeandikwa wapi?

Sasa hivi nimeanza kubadilisha karatasi zetu. Poster ya tamasha la mavuno jina la mpiga kinanda linakaa, jina la mwalimu linakaa, namba ya katibu chini kwa maandishi madogo, na nyimbo zimepangwa kwa mafungu na zile za Kinyakyusa tumezitupa mwisho kabisa. Mwenyekiti kalalamika sura yake haipo. Nimemwambia hata Hurok aliweka jina tu, sura hakuweka.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa zile folda ambazo hazifunguki. Mwenye kuingia aingie asubuhi mapema mtandao ukiwa mwepesi, aanzie programu za 1935 mpaka 1945, na akiona folda yenye jina la Hurok iliyoskaniwa anitumie link. Ndaga fijo, yaani asanteni sana.